Sakafu na Tandiko: Historia ya Usafi wa Nyumba Kandokando ya Ziwa Viktoria

Tunapoutaja utamaduni wa taifa letu, fikira zetu huelekea upesi kwenye ngoma, mavazi, michezo na methali. Ni mara chache tunapoinama kuitazama sakafu tunayoikanyaga. Hata hivyo sakafu ndipo mahali ambapo mtoto hujifunza kutambaa, mgeni hukaribishwa, chakula huliwa na wafiwa huketi. Jambo linalotendwa kila siku na mikono mingi halikosi kuwa na historia, ijapokuwa halina mnara wala sherehe. Katika insha hii twakusudia kueleza jinsi kaya mbalimbali za Mwanza na mwambao wa Ziwa Viktoria zilivyotandika sakafu zao na kuzitunza, tangu zama za ngozi na nyasi hadi siku hizi za zulia.

Hoja yetu ni moja. Usafi wa sakafu haukuletwa na zulia. Kila tandiko lilikuja na kanuni zake za usafi, na waliolitumia walizijua kanuni hizo barabara. Zulia lilipoingia nyumbani halikuondoa kazi ya kusafisha, bali liliibadili na kuiongeza. Kwa hiyo mwenye zulia asiyejua kulitunza hajaendelea kumpita bibi yake aliyeisiriba sakafu ya udongo. Amebadili tandiko tu.

Majina na asili yake

Lugha yetu yenyewe ni shahidi wa historia hii. Mkeka ni neno la Kibantu, na ndilo jina la tandiko lililosukwa kwa ukindu au miyaa. Jamvi ni mkeka mpana na mzito, unaotandikwa mahali pa watu wengi. Kirago ni tandiko la matete au mafunjo, jepesi kuchukulika safarini, na hadi leo mtu anayehama twasema amefunga virago. Busati na zulia ni maneno yaliyotufikia kutoka Uarabuni na Uajemi kwa njia ya biashara ya pwani. Kapeti ni neno la juzi, lililotoka kwa Waingereza. Hivyo katika sebule moja ya Mwanza twaweza kukuta majina ya karne kadhaa yametandikwa pamoja, na kila jina ladokeza njia ambayo kitu chenyewe kilipitia.

Ngozi, samadi na nyasi

Tuanze na Usukuma, nchi ya wakulima na wafugaji iliyoko kusini mwa ziwa. Katika nyumba ya msonge sakafu ilikuwa ya udongo ulioshindiliwa. Juu yake ilitandazwa ngozi ya ng'ombe au ya mbuzi kwa ajili ya kulalia na kukalia. Ngozi haifuliwi kama nguo, kwani ikilowa sana na kukauka hukakamaa. Wenyewe waliitoa nje asubuhi, wakaikung'uta vumbi, wakaianika juani ili wadudu watoke, na mara kwa mara wakaipaka mafuta na kuifikicha ili ilainike. Hapo mwanafunzi ataielewa vema methali isemayo: Ngozi ivute ili maji. Methali hiyo ilizaliwa katika kazi.

Sakafu nayo ilikuwa na matunzo yake. Wanawake walichanganya samadi mbichi ya ng'ombe na maji, pengine na udongo au majivu, wakaisiriba sakafu nzima kwa kiganja, wakianzia ukutani na kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Ilipokauka, sakafu ilikuwa ngumu na laini, haikutoa vumbi, na nyufa zake zilikuwa zimezibwa. Kazi hiyo ilirudiwa kila sakafu ilipoanza kumeguka, na hasa kabla ya sherehe au ugeni. Watu wasioijua waliiona ni uchafu. Kwa hakika ilikuwa ndiyo njia ya kuuondoa uchafu katika nchi ambayo saruji haikuwapo.

Katika kisiwa cha Ukara, ambako ardhi ni haba na watu ni wengi, mambo yalikuwa tofauti. Wakara waliwafunga ng'ombe wao ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa kwa ajili hiyo, wakawaletea majani na kukusanya samadi yote kwa ajili ya mashamba. Kwao samadi ilikuwa hazina ya shamba, na mpaka baina ya mahali pa mnyama na mahali pa mtu ulikuwa ndani ya nyumba ileile. Usafi kwao ulikuwa kila kitu kukaa mahali pake, na samadi kutolewa kwa wakati wake.

Tukivuka kwenda magharibi ya ziwa, kwa Wahaya wa Bukoba, twakuta tandiko la namna nyingine kabisa, yaani nyasi. Nje ya vijiji vilivyozungukwa na migomba kulikuwa na mbuga za nyasi ziitwazo rweya. Huko nyasi zilikatwa kwa kuezekea, kwa kutandaza shambani na kwa kutandika ndani ya nyumba. Sakafu iliyotandikwa nyasi mpya ilikuwa laini na yenye harufu nzuri. Zilipochakaa hazikufuliwa, zilikusanywa na kutolewa nje, zikarudi ardhini chini ya migomba, na nyingine mpya zikaletwa. Katika utaratibu huo kusafisha tandiko kulikuwa ni kulibadili, na takataka ya nyumba ikawa chakula cha shamba.

Sakafu kama ngome

Msomaji aweza kuuliza: je, kazi yote hiyo ilikuwa ya kupendeza macho tu? Sivyo. Katika mwambao huu sakafu ilikuwa ngome ya kuulinda mwili.

Adui mmoja alikuwa papasi, mdudu anayejificha mchana katika nyufa za sakafu na kuta za udongo, kisha hutoka usiku kuwauma waliolala. Wataalamu waliofanya utafiti katika Kongo na katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, miaka ya 1904 na 1905, walithibitisha kuwa papasi ndiye anayeeneza homa ya vipindi, ambayo kwetu huitwa homa ya papasi. Sakafu isiyo na nyufa ilimnyima maficho. Mama aliyesiriba sakafu yake hakuwa na darubini, lakini mkono wake ulizifunga nyufa zilezile ambazo wataalamu walikuja kuzitia katika vitabu.

Adui wa pili alikuwa funza. Mdudu huyu hakuwa wa Afrika. Alitoka Marekani ya Kusini, akafika kwa meli pwani ya Angola mwaka 1872, na katika miaka ipatayo 20 alikuwa amelivuka bara zima. Msafiri Oscar Baumann kutoka Austria, aliyepita Uzinza mwaka 1892, alieleza jinsi watu walivyoteseka kwa funza hata wengine wakashindwa kufanya kazi zao. Funza huishi katika vumbi kavu la sakafu na uwanja. Dawa yake kuu ni kulituliza vumbi, kufagia, kunyunyiza maji na kusiriba.

Lakini tukumbuke kwamba katika miaka hiyohiyo, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka iliteketeza ng'ombe katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki. Tukiyaweka mambo haya mawili pamoja twaona jambo zito. Kaya iliyopoteza ng'ombe ilipoteza maziwa na mahari, na pia ilipoteza ngozi ya kutandika na samadi ya kusiribia, wakati uleule ambapo adui mpya wa sakafu alikuwa amebisha hodi. Wageni walioandika kwamba watu wa nchi hizi walizoea vumbi waliwaona katika mwaka wa msiba, wakadhani wameiona desturi yao.

Hata hivyo historia haitupi ruhusa ya kusifu kila kitu cha zamani. Leo twajua kuwa katika samadi mna vimelea vya pepopunda, ambavyo huweza kuingia katika kidonda au katika kitovu cha mtoto mchanga. Elimu hiyo haikuwapo zamani. Kuwaheshimu wahenga ni kuelewa sababu ya matendo yao, na pia kukubali pale elimu ya baadaye inapoyasahihisha.

Mkeka waenea, mji wakua

Mafunjo yalimea tangu kale katika vinamasi vya ziwa, na mikindu katika mabonde yake, kwa hiyo ususi haukuwa ugeni mwambaoni. Lakini biashara ya misafara, kisha meli na reli, ziliieneza mikeka ya aina nyingi. Reli kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na meli zikaunganisha bandari za ziwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Mji ulikua juu ya mawe yake makubwa, ukakusanya Wasukuma, Wakerewe, Wajita, Wazinza, Wahaya, Wajaluo, watu wa pwani, Waarabu na Wahindi. Kila jamaa ilileta namna yake ya kuingia ndani na kuketi.

Miongoni mwa jamaa za Kiislamu mkeka ulikuwa na sharti kubwa zaidi ya usafi wa macho, nalo ni twahara. Mkeka unaoswaliwa hauna budi uepushwe na najisi, hata kama vumbi halionekani. Kwa sababu hiyo viatu huvuliwa mlangoni, na mkeka wa swala hutengwa na mkeka wa kulia chakula. Desturi ya kuvua viatu imeenea katika nyumba nyingi za mji, za Waislamu na wasio Waislamu. Kati ya njia zote za kuliweka tandiko safi, hii ndiyo iliyo rahisi kuliko zote, kwani huzuia uchafu kabla haujaingia.

Kutunza mkeka ni elimu kamili. Asubuhi hukung'utwa nje, kwa kuwa mchanga ukibaki baina ya shupatu huzikata polepole. Ukimwagikiwa kitu hupanguswa kwa kitambaa chenye maji kidogo. Ukifuliwa hauachwi kulowa, bali husuguliwa upesi na kuanikwa umetandazwa, usije ukaota ukungu. Jua kali mno hufifiza rangi zake, lakini jua la asubuhi huua wadudu. Jioni au baada ya kutumika hukunjwa na kusimamishwa pembeni, na sakafu iliyokuwa chini yake hufagiliwa. Hivyo kila siku sakafu huonekana, na uchafu haupati mahali pa kujificha. Jambo hili la kukunjwa ndilo litakaloutofautisha mkeka na zulia.

Wavuvi wa mwambao walikuwa na shida zao wenyewe. Mchanga huingia na miguu kutoka pwani, na magamba ya dagaa huingia na nyavu. Tena kuna majira, hasa mwezi unapoandama, ambapo wadudu wadogo wa ziwani huinuka kwa mamilioni kama moshi juu ya maji, wakafuata taa hadi ndani ya nyumba. Asubuhi sakafu huwa imefunikwa na maiti zao. Mwenyeji anayejua huwafagia wakiwa wakavu, bila kuwaponda, kisha ndipo apanguse kwa maji. Mgeni akianza na maji hupata tope. Kwa hiyo kaya nyingi za pwani zilipenda mkeka unaoweza kutolewa nje mara moja, kuliko tandiko lisiloinuka.

Kampeni ya Mtu ni Afya

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, usafi wa nyumba ulikuwa shughuli ya taifa. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikafanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili, katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote, walijadili malaria, kuhara, safura, kifua kikuu na kichocho, wakaazimia kuchimba vyoo, kufyeka majani na kusafisha nyumba na viwanja vyao.

Jambo la kukumbukwa katika kampeni hiyo ni mbinu yake. Watu walikusanyika, wakasikiliza, wakaulizana, kisha wakatenda kwa pamoja. Usafi uliokuwa elimu ya mama na binti ndani ya nyumba moja ulitolewa hadharani, wanaume wakaujadili kama wajibu wao pia. Katika miaka hiyo saruji nayo ilianza kupatikana zaidi nchini, baada ya kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kuanza kazi mwaka 1966. Sakafu ya saruji iliondoa vumbi na nyufa, ikapiganisha vita vya papasi na funza kwa nguvu mpya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika, sabuni ikiwa mojawapo. Kaya nyingi zilirudia majivu, mchanga na majani ya mpapai kwa kusugulia. Elimu ya zamani, iliyodhaniwa kuwa imepitwa na wakati, ikaonekana kuwa akiba.

Zulia na madai yake

Biashara ilipolegezwa masharti kuanzia mwaka 1984, mazulia yaliyofumwa viwandani nchi za nje yaliingia madukani kwa wingi zaidi. Polepole zulia likawa alama ya sebule ya mtu mwenye kazi. Hatulaumu jambo hilo. Zulia huzuia baridi ya saruji, huwapa watoto mahali pa kuchezea, na humpendeza mgeni. Lakini tuyatazame madai yake.

Nyasi zilibadilishwa, ngozi ilianikwa, mkeka ulikunjwa. Zulia hukaa palepale, chini ya meza na makochi, wiki baada ya wiki. Manyoya yake hushika vumbi, makombo na unyevu ambavyo jicho halivioni. Mkeka mchafu hujitangaza. Zulia chafu hunyamaza. Kwa hiyo lataka kufagiliwa kila siku kwa ufagio wa chelewa kwa kufuata ulalo wa manyoya yake, kuinuliwa kila baada ya siku chache ili sakafu ifagiliwe, na kutolewa nje kutundikwa na kupigwa kwa fimbo. Chai ikimwagika hunyonywa kwa kitambaa kikavu kwa kubonyeza, si kwa kusugua, maana kusugua hulipeleka doa ndani zaidi. Likifuliwa kwa maji na sabuni halina budi lisuuzwe hadi sabuni iishe, kisha likauke kabisa pande zote mbili. Likikunjwa na unyevu huota kuvu na kunuka.

Kazi hiyo yataka maji mengi na nguvu nyingi. Ni ya nani? Zamani kusiriba kulikuwa kazi ya wanawake, na mara nyingi zulia limerithiwa na mikono ileile. Katika nyumba nyingi msichana huamka mapema kufagia kabla ya kwenda shule, huku kaka yake akisoma. Hapa yatupasa kusema wazi: desturi inayomnyima mwanafunzi mmoja nafasi ya kusoma haifai kulindwa kwa jina la utamaduni. Zulia zito lililolowa maji lataka watu wawili au watatu kulinyanyua. Ni kazi inayofaa kugawanywa kati ya wavulana na wasichana, na vijana wa Mwanza wanaojipatia riziki kwa kufua mazulia wamekwisha kutuonyesha kuwa mikono ya mwanamume nayo yaiweza.

Ziwa si beseni

Limebaki jambo moja zito. Baadhi ya watu hupeleka mazulia na mikeka ziwani au mtoni, wakasugua wamesimama ndani ya maji, kisha wakaanika juu ya mawe. Mawe ya Mwanza ni kianikio kizuri ambacho miji mingine haina, lakini maji yake yana hatari mbili.

Hatari ya kwanza ni kichocho, ugonjwa ulioenea mwambaoni. Vimelea vyake hutoka katika konokono wa majini na kupenya ngozi ya mtu aliye ndani ya maji. Anayesimama ziwani saa nzima akisugua zulia hulisafisha tandiko na kuuchafua mwili. Hatari ya pili ni kwa ziwa lenyewe. Sabuni na uchafu huongeza rutuba isiyotakiwa ndani ya maji, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 tumeona jinsi magugu maji yanavyositawi katika maji ya namna hiyo na kuziba bandari na mialo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeulinda ukanda wa mita 60 kutoka ukingo wa maji dhidi ya shughuli za kudumu zinazoweza kuyaharibu. Njia iliyo sawa ni kuchota maji, kufulia mbali na ukingo, na kumwaga maji machafu mahali yatakaponywea ardhini bila kurudi ziwani.

Hapa ndipo wazee wa Bukoba na wa Ukara wanapotufundisha tena. Walipolisafisha tandiko au zizi walijua uchafu unakwenda wapi: nyasi chini ya mgomba, samadi shambani. Swali lao lilikuwa na sehemu mbili, yaani nyumba itakuwaje safi, na uchafu uwekwe wapi. Sisi wa zama za zulia mara nyingi tumeshika sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili.

Neno kwa walimu na wanafunzi

Tungependa walimu wawatume wanafunzi wao wawaulize wazee mambo haya: sakafu ya nyumba yao ya utotoni ilikuwa ya nini, ilitandikwa nini, nani aliisafisha, na kwa njia gani. Waandike majibu kwa lugha ya Kiswahili, wakiyataja pia majina ya lugha za nyumbani. Walioko karibu na Kisesa wayatembelee Makumbusho ya Wasukuma huko Bujora, wakaone nyumba na vyombo vilivyohifadhiwa. Wazee waliosiriba sakafu wanapungua, na elimu yao haikuandikwa.

Kabla hatujakunja jamvi, turudie tulichosema mwanzoni. Ngozi, nyasi, mkeka na zulia ni matandiko yaliyokidhi haja za watu katika nyakati zao. Hakuna hata moja lililo safi kwa asili yake, wala lililo chafu kwa asili yake. Husafishwa na mtu anayejua sababu ya kazi yake, anayeigawa kazi hiyo kwa haki, na anayekumbuka kuwa maji aliyoyamwaga leo ndiyo jirani yake atakayoyachota kesho.